Mara nne, siku thelathini: hesabu ya Woodcock iliyowabana wenye viwanda vya magari

Ukitaja kulinda wanunuzi wa magari Marekani, jina linalokuja haraka ni Ralph Nader, na anastahili kabisa, ila Nader alipigania zaidi usalama, yaani gari lisikuue barabarani. Kuna balaa jingine la kawaida zaidi, halimwagi damu lakini linakausha mfuko: umenunua gari jipya shorumu, wiki ya pili gia zinagoma, unalirudisha wanatengeneza, baada ya wiki tatu zinagoma tena, unalirudisha tena wanakwambia tumeshamaliza, kesho yake liko vilevile, na huku mkopo wa benki unaendelea kudai kila mwezi kama vile gari liko nyumbani kwako linafanya kazi. Hapo nani anakurudishia hela yako?

Mtu aliyekaa na swali hilo mpaka likatoka na jibu linaloshikika hakuwa seneta wa Washington wala waziri. Ni John J. Woodcock III, mwanasheria na mwanachama wa chama cha Democratic kutoka South Windsor, mji mdogo karibu na Hartford, akiwa kwenye miaka yake ya mwanzo kabisa kama mjumbe wa baraza la wawakilishi la jimbo la Connecticut. Mwaka 1982 muswada wake ulipita na kuanza kazi Oktoba mosi, na ndiyo ikawa sheria ya kwanza ya aina yake Marekani. Magari mabovu tangu kiwandani Wamarekani wanayaita malimau, basi na sheria nayo watu wakaiita sheria ya limau.

Nataka niongelee kitu kimoja kwenye kazi yake ambacho naona watu wanakipita haraka sana. Wengi wanasema alimpa mnunuzi haki. Hapana, haki ilikuwepo tayari, tena imeandikwa vizuri. Alichoweka Woodcock ni namba, na ile namba ndiyo iliyofanya kazi yote.

Tuangalie hali ilivyokuwa kabla yake. Sheria ya biashara inayotumika karibu majimbo yote ilishasema kwamba mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa hata baada ya kuipokea, kama ubovu wake ni mkubwa na muuzaji ameshindwa kuurekebisha. California ilienda mbali zaidi, mwaka 1970 seneta wa jimbo Alfred Song alipitisha sheria ya waranti iliyosema mtengenezaji akishindwa kurekebisha bidhaa baada ya majaribio ya kiasi kinachofaa, airudishe pesa au atoe bidhaa nyingine. Sasa hebu jiulize, kiasi kinachofaa ni kipi? Mara tatu? Mara kumi na mbili? Mwenye kiwanda anasema tupe nafasi moja tu zaidi, wewe unasema nimechoka, na wa kuamua kati yenu ni hakimu, na kumfikia hakimu unahitaji loya, na loya anataka hela, na unayemshtaki ana jengo zima la maloya ambao mshahara wao unatoka kesi iishe leo au iishe baada ya miaka mitatu. Gari lenyewe la dola 8,000 au 10,000. Mtu mwenye akili zake akipiga hesabu anaona bora aliuze kwa hasara anyamaze, na kweli ndivyo wengi walivyokuwa wakifanya, na aliyelinunua baada yake akarithi matatizo.

Bunge la Washington nalo lilijaribu. Mwaka 1975 ikatoka sheria ya waranti ya Magnuson na Moss, na ilikuwa na kifungu kizuri sana: ukitoa waranti kamili, bidhaa ikishindikana kutengenezeka lazima mteja achague kati ya pesa yake na bidhaa mpya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kutoa waranti kamili. Ukitaka, unaandika juu ya karatasi kwamba waranti yako ina mipaka, basi kile kifungu kizuri hakikugusi. Unadhani kampuni za magari zilichagua nini? Karibu zote ziliandika ina mipaka. Mlango ulifungwa kwa kufuli halafu ufunguo akaachiwa yule yule uliyetaka kumzuia.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwisho wa mwaka 1980 riba ya msingi ya mabenki Marekani ilifika asilimia 21.5, kwa hiyo mtu aliyekopa gari alikuwa anabeba mzigo ambao leo ukimsimulia kijana hakuelewi. Chrysler ilikuwa imeponea kwenye dhamana ya mkopo wa dola bilioni 1.5 kutoka serikalini. General Motors walikuwa na injini za dizeli za Oldsmobile zilizojijengea jina baya, na gia boksi na kamshafti zilizolalamikiwa mpaka mwaka 1983 wakaingia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho, yaani chombo cha serikali kuu kinachowalinda wanunuzi, ili malalamiko yale yasikilizwe na wasuluhishi. Hizi ni kampuni kubwa, siyo wachuuzi wa kando ya barabara, na mtu wa kawaida aliyenunua kwao aliamini jina likiwa kubwa hivyo hawezi kuachwa peke yake.

Ndipo ikaja ile hesabu. Sheria ya Connecticut ikasema kama gari limerudi gereji mara 4 kwa tatizo lile lile na bado lipo, au limekaa gereji jumla ya siku 30, ndani ya kipindi cha mwanzo cha gari, basi inachukuliwa kwamba mtengenezaji ameshapewa nafasi ya kutosha. Kipindi chenyewe kimebadilishwa baadaye, leo ni miaka 2 au maili 24,000, inayotangulia. Tatizo liwe kubwa, yaani liguse matumizi ya gari, usalama au thamani yake, siyo redio inayokoroma. Ikifika hapo mtengenezaji anatoa gari lingine au anarudisha hela, na hela yenyewe siyo bei tu, inaingia kodi ya mauzo, ada ya usajili na riba uliyolipa, kisha anakata kidogo kwa maili ulizoendesha.

Ona jinsi kitu kidogo kinavyogeuza mambo. Kabla ya hapo mnunuzi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba amevumilia vya kutosha. Baada ya hapo anatoa karatasi nne za gereji mezani, na sasa mwenye kiwanda ndiye anayehangaika kueleza kwa nini hizo nne hazitoshi. Mama mwenye duka dogo la kushona nguo anaweza kuhesabu mpaka nne. Hahitaji kusoma kesi, hahitaji kujua Kiingereza cha mahakamani. Na yule meneja wa shorumu naye anajua kuhesabu, kwa hiyo gari likirudi mara ya tatu anaamka, anapiga simu kiwandani, anaomba fundi mkubwa aje, maana anajua mara ya nne ina gharama. Mimi naamini faida kubwa ya sheria hii haiko kwenye magari yaliyorudishwa, iko kwenye yale yaliyotengenezwa vizuri mara ya pili au ya tatu kwa sababu mtu fulani aliiona namba inakuja.

Kuna waliosema, na wapo mpaka leo, kwamba mara 4 ni namba ya kuchomoa tu hewani, kwamba kuna tatizo linalostahili majaribio sita na kuna lingine moja tu linatosha. Kweli, na kwenye breki nakubaliana nao kabisa, hakuna mtu anayepaswa kujaribu breki mara nne, ndiyo maana Connecticut yenyewe na majimbo mengine baadaye yakashusha mpaka mara 2 kwa ubovu unaoweza kuua. Lakini hoja ya kwamba namba haina ukamilifu siyo sababu ya kurudi kwenye maneno matupu. Neno lisilo na kipimo siku zote linamfaa mwenye nguvu, kwa sababu yeye ndiye mwenye muda na hela ya kubishana kuhusu maana yake.

Sasa swali ambalo mimi linanivutia: kwa nini Connecticut? Kwa nini siyo Michigan, ambako magari yanatengenezwa na wanaojua ubovu wake wako pale pale? Nadhani jibu liko ndani ya swali. Connecticut ilikuwa na makampuni ya bima, injini za ndege za Pratt & Whitney, manowari za Groton, ila haikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari ambacho mwenyewe angeweza kusimama kwenye kamati akasema mkipitisha hii watu wenu watakosa kazi. Mjumbe kama Woodcock alikuwa na wapiga kura wanaonunua magari na hakuwa na wapiga kura wanaoyatengeneza. Michigan ilifika mwaka 1986, miaka minne baadaye. Sisemi wajumbe wa Michigan walikuwa watu wabaya, nasema mtu anayepiga kura huku fundi wa mtaani kwake anategemea kiwanda kile kile yuko kwenye hali tofauti, na ndiyo uzuri wa kuwa na mabunge mengi madogo, wazo likibanwa sehemu moja linatokea sehemu nyingine, na likishatokea huwezi kulirudisha.

Linganisha na Washington mwaka ule ule wa 1982. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilikuwa imetunga kanuni ya magari yaliyotumika, na kitu chenyewe kilikuwa cha kawaida tu: muuza magari abandike karatasi dirishani, na kama kuna ubovu mkubwa anaoujua, auseme. Hakutakiwa hata kulikagua gari, aseme tu anachokijua. Mei 1982 mabaraza yote mawili yakaipiga chini, 286 kwa 133 kwenye Baraza la Wawakilishi na 69 kwa 27 kwenye Seneti, baada ya chama cha wauza magari kufanya kazi kubwa ya ushawishi na kuchangia kampeni za wabunge wengi. Kanuni ilirudi baadaye na kuanza kutumika mwaka 1985, karatasi ya dirishani ikabaki, lakini lile sharti la kusema ubovu unaoujua likawa limeondolewa. Kwa hiyo mwaka mmoja, nchi moja, bunge kubwa linakataa muuzaji alazimishwe kusema ukweli anaoujua, na jimbo dogo linamlazimisha mwenye kiwanda arudishe hela. Inauma kuisoma, na inaonyesha mnunuzi asiye na chama cha kumsemea anapata nafuu zaidi akiwa karibu na mjumbe anayekutana naye dukani.

Ila sheria ya kwanza ya Woodcock ilikuwa na tundu, na hapa ndipo namheshimu zaidi, kwa sababu wengi wakishapitisha kitu kilichowapa jina wanahamia kwenye kitu kingine. Tundu lilikuwa hili: kama kampuni ina mpango wake wa kusuluhisha malalamiko unaokubalika na Tume ya shirikisho, mnunuzi alitakiwa apite huko kwanza. Na kampuni zikawa na mipango hiyo, kila moja na paneli yake au na shirika inalolilipa kuiendesha. Hata kama waliokaa pale walikuwa waaminifu, na naamini wapo waliokuwa waaminifu, mtu aliyeshaenda gereji mara nne akaambiwa hakuna tatizo hawezi kuwa na imani na meza iliyolipiwa na kampuni ile ile. Malalamiko yakaja, na mwaka 1984 Woodcock akarudi na sheria ya pili. Hii ikaweka usuluhishi chini ya jimbo lenyewe, kwenye Idara ya Kulinda Wanunuzi, ada dola 50, hakuna ulazima wa loya, na uamuzi utoke ndani ya siku 60.

Hapo ndipo kampuni zilipokasirika kweli. Ile ya kwanza walilalamika wakaizoea, hii ya pili wakaenda mahakamani, hoja yao ikiwa kwamba wananyimwa haki ya kesi kamili mbele ya mahakama. Mashauri ya namna hiyo yalifunguliwa Connecticut na New York pia, yakachukua miaka, na mwisho usuluhishi wa jimbo ukabaki umesimama kote kuwili. Ukitaka kujua kipengele gani cha sheria kinafanya kazi, angalia ni kipi wanachokishtaki. Hawakushtaki neno haki, walishtaki meza ya dola 50 na siku 60, kwa sababu namba nne bila mahali rahisi pa kuipeleka ingebaki kwenye makaratasi, na wao walilijua hilo.

Upande wa pili wa nchi alikuwepo mwenzake, Sally Tanner, mjumbe wa El Monte karibu na Los Angeles, aliyeingia bunge la California mwaka 1978. Muswada wake uligomewa kwanza, akarudi nao, na mwaka huo huo wa 1982 Gavana Jerry Brown akausaini, ukaanza kazi Januari 1983. Yeye alichukua sheria ya Song ya 1970 akaitia hesabu ile ile, mara 4 au siku 30. California ilikuwa na viwanda vya magari wakati huo, baadhi vikifungwa mwaka ule ule, kwa hiyo kazi yake kisiasa nahisi ilikuwa ngumu kuliko ya Woodcock. Tanner naye hakuishia hapo, mwaka 1987 akarudi kukaza usimamizi wa paneli za usuluhishi. California wana fomula yao ya kukata maili inayoeleweka hata na mtoto wa shule: bei ya gari mara maili ulizokuwa umeendesha ulipolipeleka gereji mara ya kwanza, gawanya kwa 120,000. Gari la dola 24,000 lililoharibika kwenye maili 5,000, unakatwa dola 1,000, zilizobaki ni zako. Tena namba, tena hakuna ubishi.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, New York na Texas mwaka 1983, na leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna hii.

Kilichobaki nyuma ni magari yaliyotumika, na hapa ndipo ndugu zetu wanaoishi kule wanapoumia, maana mtu aliyetua Minneapolis au Dallas juzi, hana historia ya mkopo, haanzi na gari jipya, anaanza na gari la mkononi la kumfikisha kazini. New York ilitunga sheria ya magari yaliyotumika mwaka 1984 kwa mtindo ule ule wa hesabu: leo gari lenye kati ya maili 18,000 na 36,000 muuzaji anatakiwa kutoa waranti ya siku 90 au maili 4,000, mpaka maili 80,000 ni siku 60 au maili 3,000, mpaka 100,000 ni siku 30 au maili 1,000. Majimbo mengi hayana hata hiyo. Na California, nyumbani kwa Song na Tanner, mahakama kuu ya jimbo iliamua Oktoba 2024 kwamba gari lililotumika, hata likiwa na waranti ya kiwanda ambayo haijaisha, haliingii kwenye tafsiri ya gari jipya kwa ajili ya kurudishiwa hela, labda kama waranti ya mtengenezaji ilitolewa pamoja na mauzo hayo. Kwa maoni yangu majaji walisoma maneno jinsi yalivyo, kosa siyo lao, ni tafsiri iliyoandikwa na wabunge na wabunge ndio wa kuirekebisha. Kama uko huko na una gari jipya linalosumbua, chukua karatasi ya gereji kila mara, hata wakikwambia hawakuona tatizo, hakikisha imeandikwa tarehe uliyoliingiza, tarehe uliyolichukua na lalamiko lako kwa maneno yako, kwa sababu bila karatasi hiyo safari yako haihesabiki.

Nimeandika yote haya nikiwa nafikiria Kenya pia, sitaficha. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, taarifa anazohitaji na fidia akipata hasara. Maneno mazuri, ni yale yale ya Song ya mwaka 1970, na yanakwama pale pale. Magari yetu mengi ni yaliyotumika kutoka Japani, yasiyozidi miaka 8, yanakaguliwa kabla ya kuingia, halafu yakishafika yadi ya Mombasa au Ngong Road mnunuzi anabaki na neno la muuzaji. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linazipa kaunti leseni za biashara na biashara ya haki, tena limeandika wazi. Yaani MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, anayo kazi hii mkononi, hana haja ya kusubiri Bunge la Taifa. Ningependa kuona mmoja, wa Nairobi au Mombasa, mwenye muhula wa kwanza kama Woodcock alivyokuwa, akileta muswada wa kurasa chache unaofunga leseni ya yadi na mambo matatu: usomaji wa maili na ripoti ya ukaguzi viandikwe kwenye mkataba wa mauzo, injini na gia boksi zibebwe na yadi kwa siku 30 za kwanza, na gari likirudi mara 2 kwa tatizo lile lile mnunuzi aende ofisi ya biashara ya kaunti, alipe ada ndogo, na apate uamuzi ndani ya siku 60. Yadi ikikataa kuutekeleza, leseni isihuishwe mwaka unaofuata.